Amehamia kusoma au kucheza?

Tarehe 31 Agosti 2010, siku chache kabla msimu kuanza, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, kilimkatalia Jeremiah Masoli ruhusa ya kuichezea timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Mississippi. Masoli alikuwa na shahada ya kwanza kutoka Chuo Kikuu cha Oregon, na Mississippi alijiandikisha kusomea uzamili wa usimamizi wa bustani za umma na burudani. Kimaandishi alikuwa amekamilisha kila kitu. Ila Oregon alikuwa amefukuzwa timuni kwa makosa ya nidhamu, na NCAA ikasema ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya anayefuata masomo, si anayekwepa adhabu. Akakata rufaa, na tarehe 3 Septemba akaruhusiwa.

Kesi hiyo imenikaa akilini kwa sababu NCAA ilijaribu kupima nia ya mtu, ikashindwa ndani ya siku tatu.

Kanuni yenyewe ya uhamisho wa wahitimu ilikuwa nyepesi kueleweka. Mchezaji wa chuo ana miaka mitano ya kucheza misimu minne. Wengi hukaa mwaka wa kwanza bila kucheza, hivyo mwenye bidii ya masomo anaweza kuhitimu akiwa bado na msimu mmoja au miwili mkononi. Wakati huo mwanafutiboli wa shahada ya kwanza akihamia chuo kingine cha daraja la juu alikaa nje mwaka mzima. Mhitimu aliweza kuhama na kucheza papo hapo, mradi kozi ya uzamili anayoifuata haipo chuoni alikotoka.

Wapo wanaohama kwa sababu hawana njia nyingine. Vyuo vinane vya Ivy League, vikiwemo Harvard na Yale, vina desturi ya muda mrefu ya kutowaruhusu wanafunzi wa uzamili kucheza. Kijana anayehitimu huko akiwa na msimu uliobaki ataucheza kwingine au ataupoteza. Kumwita huyo msaliti ni kumwonea.

Makocha wanaoachwa wana uchungu wao, na ninauelewa. Umemlea mtu miaka mitatu, umemfundisha mfumo wako, kisha mwaka anaoiva anavaa jezi ya mwingine. Timu ndogo ndizo zinazoumia zaidi, maana zinageuka kitalu cha timu kubwa. Lakini makocha hao hao huondoka wanapotaka. Mwishoni mwa Novemba 2021 Lincoln Riley aliihama Oklahoma kwenda USC (chuo cha Kusini mwa California), na ndani ya siku mbili Brian Kelly akaiacha Notre Dame kwenda LSU (chuo cha jimbo la Louisiana), wakati Notre Dame ilikuwa bado na matumaini ya kuingia mchujo wa ubingwa. Mhitimu amemaliza alichoahidi chuo chake: amesoma, amecheza, ameshinda mitihani. Sioni deni alilobaki nalo.

Hoja nzito zaidi dhidi ya uhamisho huu iko kwenye kalenda. Msimu huanza mwishoni mwa Agosti na kuisha Desemba au Januari. Uzamili mara nyingi huchukua miaka miwili. Russell Wilson alihitimu North Carolina State mwaka 2010, akahamia Wisconsin mwaka 2011, akaifikisha Rose Bowl, mechi kubwa ya mwisho wa msimu, kwa msimu mmoja wa kupendeza, na Aprili 2012 timu ya kulipwa ya Seattle Seahawks ikamchagua. Muda wa kusoma ulikuwa wapi? Chuo kinachompokea mchezaji kwa msimu mmoja kinajua tangu siku ya kwanza kwamba huenda asiimalize shahada hiyo. Hapo lawama siiweki kwa kijana.

Joe Burrow alikuwa na nafasi tofauti. Aliondoka Ohio State mwaka 2018 akiwa amehitimu kwa miaka mitatu, akawa na misimu miwili LSU. Alipata uzamili wa sanaa huria, tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo ya mwaka 2019 na ubingwa wa taifa bila kupoteza mechi hata moja msimu ule. Jalen Hurts alitoka Alabama na shahada yake, akacheza Oklahoma msimu wa 2019 peke yake. Uzamili wake wa mahusiano ya kibinadamu aliupata mwaka 2023, tayari akiwa ameiongoza timu ya kulipwa ya Philadelphia Eagles kwenye Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa. Alirudi kuumalizia kwa hiari yake.

Mwaka 2019 kulikuwa na pendekezo ambalo kwangu lilikuwa la haki: nafasi ya ufadhili anayopewa mhitimu ihesabiwe kwa timu kwa muda wote wa kozi yake, hata akiondoka mapema. Timu ya daraja la juu ilikuwa na nafasi 85 tu, hivyo kocha angefikiri mara mbili kabla ya kumwita mtu wa miezi mitano. Vyuo vikalikataa kwa kura.

Tangu 2024 mchezaji mwenye maendeleo mazuri darasani anaweza kuhama mara nyingi apendavyo na kucheza mara moja, na tangu Julai 2021 anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Hahitaji tena kutafuta kozi isiyopatikana alikotoka. Kwa hiyo leo kijana akisema anahama kwa ajili ya uzamili, mimi namwamini kuliko ningemwamini mwaka 2010, kwa sababu hakuna anayemlazimisha kusema hivyo. Kocha anayemkaribisha ndiye ningemuuliza: Januari ikifika na mechi zimekwisha, ada ya muhula unaofuata italipwa na nani?