Pesa ni yako, ila ukihama Uingereza usiiguse

Shangazi kanitumia voisi noti ya dakika nzima, nusu yake anasonya tu. Kampuni inayoshika pensheni yake huko Uingereza imemjibu eti kwa vile sasa anaishi Kenya hawawezi kumfungulia ile ya kuchota kidogo kidogo. Achukue zote kwa mpigo au aziache zikae. Halafu wakamshukuru kwa kuwa mteja wao mwaminifu. Adabu wanayo, hilo siwanyimi.

Mlio huko mnajua, tangu Aprili 2015 ukifika miaka 55 (kuanzia 2028 itakuwa 57) robo unachukua bila kodi na iliyobaki unaichota utakavyo. Wakaliita jambo hilo uhuru wa pensheni. Kumbe uhuru wenyewe unaangalia umelala wapi.

Na msiniambie "si apewe zote ajenge". Tupige hesabu. Tuseme mtu ana pauni 24,000, amelea wazee wa watu miaka na miaka akikatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri akiongeza 3. Robo ni 6,000, hiyo haina kodi, zinabaki 18,000. Mwenye paspoti ya Uingereza, hata akiwa Kenya, ana pauni 12,570 kila mwaka ambazo haziguswi na kodi, kwa hiyo akichota elfu sita sita miaka mitatu na hana mapato mengine kule, hawapati kwake hata senti. Akizichukua zote mwaka mmoja anadaiwa kodi ya 1,086. Na hapo bado! Siku ya kulipwa wanamkata kodi ya dharura, yaani mashine yao inamhesabia kana kwamba atalipwa hizo 18,000 kila mwezi, mlea wazee, elfu kumi na nane kwa mwezi, iko wapi hiyo kazi na mimi niombe? Zinakwenda zaidi ya 6,000, halafu yeye ndiye wa kujaza fomu kuomba zirudi. Mkataba wa Kenya na Uingereza wa kuzuia mtu asitozwe kodi mara mbili upo, ndiyo, ila makaratasi yakimaliza kuzunguka ofisi za nchi mbili pesa ilishakatwa zamani.

Fomu zenyewe sasa. Sanduku la posta hawalitaki, wanataka namba ya nyumba, jina la barabara na postikodi. Shangazi anakaa Voi, nyumba ya tatu ukipita mashine ya kusaga unga. Aandike nini? Na pesa lazima iingie akaunti ya benki ya Uingereza, ambayo benki ikisikia umehama inaweza kukufungia.

Haya, kila nchi ina sheria zake za fedha na kampuni ya Leicester, Uingereza, haiwezi kuuza huduma Voi hivi hivi tu, sawa. Lakini aliyefungua kabla hajapanda ndege mara nyingi wanamwacha aendelee kuchota. Voi ni ile ile, mzee ni yule yule, sasa hatari iko wapi? Kwa hiyo mnaopanga kurudi, ulizeni hili mkiwa bado huko, kabla hamjabadilisha anwani.

Pensheni ya serikali ndiyo hata sitaki kuanza. Ukistaafia Ufilipino inapanda kila mwaka, ukistaafia Kenya inaganda palepale mpaka ufe.

Shangazi amekataa kutoa zote, anangoja. Ada ya kumtunzia wanakata kama kawaida, hiyo Voi inafika bila shida.