HOD wa hesabu naye asaidiwe jamani

Tukianza kuongelea vyuo vya Marekani vinavyosomesha watu weusi, Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) na wenyeji wa asili wa kule, stori yote inaishia kwa wanafunzi, nani kapata skolashipu, nani kaacha chuo, nani kabaki na deni. Sina ubishi, bila wanafunzi hakuna chuo. Ila kuna mtu mmoja pale katikati ambaye kila mtu anamlaumu na hakuna anayemsaidia, naye ni mkuu wa idara ya hesabu, yaani HOD. Msimamo wangu ni kwamba ukiwa na hela kidogo na unataka vijana wengi wamalize digrii kwenye hivi vyuo, anzia kwake. Mpe muda, mpe katibu, mkutanishe na wenzake wenye shida kama zake. Semina zije baadaye.

Kwa nini hesabu? Kwa sababu hesabu ndio geti la chuo kizima. Anayetaka unesi anapita hapo, uhasibu hapo, uinjinia hapo, kompyuta hapo, mpaka anayetaka kuwa mwalimu wa shule ya msingi naye kuna kozi ya hesabu inamsubiri. Na vingi vya vyuo hivi vinapokea karibu kila anayeomba, kwa hiyo unakuta darasani kuna kijana kasoma shule ambayo mwalimu wa hesabu alikuwa anakuja na kuondoka, kakaa pembeni ya mama wa watoto wawili ambaye sehemu hajazigusa miaka kumi. Mtu akianguka aljebra ya mwaka wa kwanza anarudia, akianguka tena msaada wa ada unaanza kuyumba, halafu hata husikii kwamba kadisko, anapotea tu kimya kimya. Sasa nani anaamua huyu aanzie kozi ipi, afundishwe na nani, asome aljebra au takwimu? HOD huyo huyo.

Chukua California. Mwaka 2017 walipitisha sheria, AB 705, kwamba vyuo vya jamii (community colleges, vile vya miaka miwili) visiwalazimishe tena wanafunzi kuanza na kozi za marudio za hesabu, zile zinazorudia hesabu za sekondari na ambazo hata hazihesabiki kwenye digrii, isipokuwa pale ambapo inaonekana kabisa mtu hawezi kufaulu bila hizo. Binafsi naiunga mkono, maana wengi walikuwa wanazama huko huko kwenye marudio hawaibuki. Lakini vyuo vyenyewe viko zaidi ya 100, vingi vimejaa Walatino, na sheria iliyoandikwa Sacramento, makao makuu ya jimbo, kwa kurasa chache ikamwangukia mtu mmoja ofisini kwake: panga upya kozi zote, ongeza masaa ya kusaidia wanafunzi pembeni ya darasa, washawishi walimu ambao wamefundisha kwa namna moja miaka ishirini, na bado ufundishe vipindi vyako. Kwenye vyuo vya kufundisha, ambavyo havina utafiti mkubwa, mzigo wa kozi nne kwa semista ni jambo la kawaida, na ukipewa uongozi unapunguziwa kozi moja, ukibahatika mbili. Hakuna aliyekufundisha kuongoza. Una PhD ya topolojia, tawi moja la hesabu, wenzako wamekupigia kura kwa sababu wao wenyewe hawaitaki hiyo kazi, basi.

Wanaofundisha kwa mkataba wa semista kwa semista, kundi ambalo nimewahi kuwemo, wanajua simu ya HOD wiki moja kabla masomo hayajaanza, sauti imechoka, anauliza una nafasi Jumanne na Alhamisi jioni? Hapo kuna mtu kamkimbia dakika ya mwisho na kuna wanafunzi thelathini hawana mwalimu. Mkuu wa kitivo anataka ripoti ya ufaulu, mzazi anapiga simu kulalamika, chuo kikuu cha jirani hakijajibu kama kitazitambua kozi za wanafunzi wanaohamia huko, na yeye bado ana mitihani ya kusahihisha.

Na historia ya hivi vyuo inaonyesha HOD mmoja anaweza kufanya nini. Clarence Stephens aliongoza idara ya hesabu pale Morgan State, Baltimore, kuanzia 1947 mpaka 1962, na vijana watatu waliomaliza pamoja mwaka 1964 wakaja kupata PhD za hesabu wote watatu. Darasa moja, chuo cha weusi, enzi hizo! David Blackwell aliongoza idara ya hesabu ya Howard, chuo kingine cha weusi, kuanzia 1947 mpaka 1954 kabla hajaenda chuo kikuu cha Berkeley. Halafu kuna Lee Lorch, HOD wa Fisk, Nashville, nacho chuo cha weusi ila yeye alikuwa mzungu, na mikononi mwake na mwa Evelyn Boyd Granville, ambaye alifundisha hapo kwa muda mfupi, walipita Etta Falconer na Vivienne Malone-Mayes, wanawake weusi waliokuja kupata PhD za hesabu miaka ya 1960 wakati wenye nayo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Gloria Hewitt naye alikuwa mwanafunzi wa Lorch. Falconer akaenda Spelman, chuo cha wanawake weusi Atlanta, akaijenga idara pale kwa miaka mingi. Unaona mnyororo? Kiongozi anazaa kiongozi.

Ila hizi stori huwa zinasimuliwa vibaya bana. Tunazisimulia kama za mashujaa, halafu tunamgeukia HOD wa leo na kumwambia naye awe shujaa. Lorch mwenyewe Fisk ilimwachisha kazi 1955, baada ya kukataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge kuhusu siasa zake na baada ya yeye na mkewe kutaka kumwandikisha binti yao shule ya weusi, enzi ambazo shule zilitengwa kwa rangi. Idara iliyokaa juu ya mgongo wa mtu mmoja ndivyo ilivyo, akitolewa yeye mnaanza upya.

Pesa nayo tusijifanye hatuioni. Septemba 2023 mawaziri wa elimu na kilimo wa Marekani waliwaandikia magavana wa majimbo 16 kwamba vyuo vya umma vya weusi vya kilimo na ufundi (land-grant), vile vilivyotokana na sheria ya 1890, vimepunjwa zaidi ya dola bilioni 12 katika miaka kama thelathini hivi, na chuo cha Tennessee State peke yake ni kama bilioni 2.1. Halafu Septemba 2025 wizara hiyo hiyo ya elimu, chini ya serikali nyingine, ikatangaza kusitisha ruzuku za karibu dola milioni 350 za vyuo vinavyosomesha Walatino na jamii nyingine za wachache. Ruzuku za aina hiyo ndizo kwenye vyuo vingi zinazolipa wasaidizi wa hesabu, wale vijana wanaokaa na mwenzao jioni mpaka aelewe. Zikikatwa, anayebaki kuwaeleza wanafunzi ni nani? Tumeshamtaja.

Najua wapo watakaosema maHOD wengine ni miungu watu, wamekalia kiti miaka kumi na tano, kila wazo jipya wanalipiga teke. Wapo kweli. Ndiyo maana nasema pia uongozi uwe na muda maalum na anayekuja akae pembeni ya anayeondoka mwaka mzima, analipwa, anajifunza ratiba, bajeti na ugomvi wa watu kabla hajaachiwa funguo. Siku hizi unaachiwa faili na nywila tu.

Kumpunguzia HOD kozi mbili gharama yake ni kumlipa mwalimu mwingine azifundishe, na ukiweka pembeni ya bei ya jengo jipya la sayansi hiyo hela ni ndogo mno, ila haina utepe wa kukata ndio maana wafadhili hawaigombanii. Na miezi ya likizo ya kiangazi alipwe, kwa sababu ratiba ya semista mpya inapangwa hapo na wengi bado wanaipanga bure.