Aliyejiajiri ughaibuni na ile asilimia 15.3

Kila msimu wa kodi ukifika, Wamarekani wanaoishi nje hulalamika kwamba nchi yao inawafuata hadi huko, na kila mara hujibiwa vilevile: acheni kulia, mmeshasamehewa. Jibu hilo lina ukweli, ila limewasahau waliojiajiri.

Serikali ina hoja yake, tena nzito. Mwaka 1924 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Cook dhidi ya Tait. Cook alikuwa raia wa Marekani mwenye makazi Mexico City, na mali iliyomwingizia kipato ilikuwa huko huko Mexico. Akahoji Washington inamdai kwa lipi. Majaji wakasema manufaa ya uraia humfuata mtu popote alipo, hivyo na kodi imfuate. Wengi hawaipendi hukumu hiyo, mimi naielewa. Mambo yakichafuka ugenini, pasipoti ile ina uzito wake. Halafu sheria yenyewe imelegezwa: kwa mapato ya mwaka 2025, aliyekaa nje siku 330 ndani ya miezi 12 anaweza kuondoa hadi dola 130,000 za kipato cha kazi kwenye hesabu ya kodi ya mapato. Wengi hubaki hawadaiwi kitu.

Hapo ndipo watetezi hufunga daftari, na ukurasa unaofuata ndio wenye kisa.

Chukua mtafsiri anayejitegemea, mkazi wa Mexico City kama Cook, aliyebakiwa na faida ya dola 60,000 baada ya gharama. Kodi ya mapato Marekani: sifuri. Akifungua jedwali la waliojiajiri anakuta mchango wa asilimia 12.4 wa hifadhi ya jamii na 2.9 wa Medicare, bima ya afya ya wazee, jumla 15.3, inayokokotolewa juu ya asilimia 92.35 ya faida. Anadaiwa dola 8,478. Ule msamaha wa dola 130,000 hauigusi hesabu hii, wala kodi ya mapato aliyolipa Mexico haiipunguzi hata senti. Na si mzigo wa wenye nazo tu, maana faida ikifika dola 400 kwa mwaka, mtu tayari anadaiwa.

Sasa mtazame jirani yake, Mmarekani pia, aliyeajiriwa na kampuni ya Mexico kwa dola 60,000 hizo hizo. Mchango huo hadaiwi kabisa. Pasipoti yao ni moja na manufaa ya uraia ni yaleyale, kwa hiyo hoja ya majaji wa 1924 haiwezi kueleza dola 8,478 zimetoka wapi. Ndani yake kuna takriban dola 1,607 za Medicare, bima ambayo, ukiacha hali chache, hailipii matibabu nje ya Marekani.

Watasema si adhabu, ni akiba ya uzeeni. Kweli, miaka 10 ya kuchangia humpa mtu haki ya pensheni, na anayepanga kurudi nyumbani huenda akafaidika. Lakini anayelazimika kuchangia pia mfuko wa nchi anakoishi anakamuliwa mara mbili kwa jasho moja. Dawa ipo: mikataba ya hifadhi ya jamii, inayomwezesha aliyejiajiri Ujerumani au Japani kuchangia upande mmoja tu. Marekani inayo na nchi 30 hivi. Ya Afrika hakuna hata moja. Ule wa Mexico ulitiwa saini 2004, na bado haujaanza kutumika!

Wapo wanaoshauri ufungue kampuni huko huko na ujiajiri humo. Ni halali, ila kampuni hiyo huja na fomu namba 5471, ya kuitolea taarifa kwa watoza kodi wa Marekani, na faini ya kutoijaza inaanzia dola 10,000, kubwa kuliko mchango unaoukimbia.

Ningeona haki ikitendeka kama mwenye stakabadhi ya kuchangia anakoishi angeondolewa upande wa Marekani bila kungoja mabalozi wakubaliane. Watetezi wa mfumo huuliza, je, anayeishi Dubai, ambako mgeni hana mfuko wa pensheni wa taifa wa kuchangia wala kodi ya mapato ya kulipa? Huyo hana stakabadhi ya kuonyesha. Alipe.