Fomu isiyo na lebo na kijana wa steshenari

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sekondari asiyeona, aliniita kwake Kimara Jumamosi moja nimtazame akijaza fomu ya mtandaoni. Alijua kwamba kutengeneza fomu za aina hiyo ndiko kunakonipa ugali. Akafungua kompyuta, akaweka eafoni sikio moja, akabonyeza kitufe cha Tab. Kisoma skrini, programu inayomsomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kikasema: kisanduku cha kuandika, tupu. Akabonyeza tena: kisanduku cha kuandika, tupu. Mara ya tatu, vile vile. Mimi niliona jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo, yamekaa vizuri juu ya kila kisanduku. Yeye alikuwa kwenye korido yenye milango mitatu isiyo na vibao.

Kosa lenyewe ni la mstari mmoja. Katika HTML, lugha inayoandikiwa kurasa za mtandao, maandishi yaliyo juu ya kisanduku hayahesabiwi kuwa ya kisanduku hicho mpaka mtengenezaji ayafunge nacho kwa lebo. Jicho huunganisha vitu kwa kuwa viko jirani. Programu haijui ujirani. Na hili si kosa la mafundi wa Dar peke yao. WebAIM, taasisi ya Chuo Kikuu cha Utah State huko Marekani, kila mwaka hukagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja zinazotembelewa sana. Katika ukaguzi wa 2024, karibu nusu ya kurasa hizo zilikutwa na visanduku visivyo na lebo.

Jumatatu niliwasimulia wenzangu kazini. Mmoja akauliza swali ambalo nadhani wengi wanalo ila wanaona haya kulitamka: kwani si angeenda steshenari?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Hapa kwetu mara nyingi fomu ya mtandaoni haijazwi na mwenyewe. Msimu wa kuomba mikopo ya elimu ya juu ukifika, vijana waliomaliza kidato cha sita, macho yao mazima, wanapanga foleni steshenari, wanatoa vyeti viskaniwe, na kijana mwenye kompyuta anawajazia kila kitu. Kenya wanaita saiba; shughuli ni ile ile. Fomu iko kwa Kiingereza, vyeti vinatakiwa kupunguzwa ukubwa, bando linakata katikati, na aliyekosea mara moja anaogopa kurudia. Kama mwenye macho naye anahitaji mtu, wanasema, kwa nini tugharimike ili asiyeona pekee asimhitaji? Tena cheti chake cha kuzaliwa bado kitataka mtu wa kuangalia kama kimekaa sawa kwenye skana.

Kuna na upande wa mfuko. Saccos, shule binafsi, zahanati ya kanisa, wote hawa hununua fomu zao kwa fundi mmoja kwa bei ya kupatana. Ukiwatajia WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zifikike na watu wenye ulemavu, ulioanza 1999 na ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, watakuuliza wana wateja wangapi wasioona. Jibu la kweli huwa ni wachache. Visoma skrini vyenyewe havina shida ya bei siku hizi, kwani NVDA, iliyoanzishwa 2006 na Michael Curran, mtu asiyeona wa Australia, ni ya bure, na TalkBack huja ndani ya simu nyingi za Android. Ila kompyuta ya kuiwekea hiyo NVDA bado ni ghali, na mwenye zahanati anajua hivyo.

Nimezitafakari hoja hizi kwa muda, na ile ya steshenari ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu ni ya kweli mpaka unapotazama kinachofanyika pale dukani. Mwalimu alishaenda. Duka limejaa, kijana akamuuliza kwa sauti, "Anko, neno lako la siri?" Akalitaja, na wote waliokuwa foleni wakalisikia. Hilo la aibu tuliache. Jambo lenyewe ni kwamba mteja mwenye macho husimama nyuma ya kijana, shingo imerefushwa, anasema hapo umekosea, baba yangu ni Athumani, ina th. Yeye ndiye bosi na kijana ni mikono yake. Asiyeona anasikia vitufe vya kibodi vikilia. Hajui pale penye namba ya simu imeingia ya nani. Hajui kama barua pepe aliyofunguliwa pale pale ataweza kuiingia kesho. Wateja wawili wamekaa benchi moja, wamelipa hela ile ile, lakini mmoja amenunua huduma na mwingine amekabidhi maisha yake.

Kwa hiyo ule usawa unaodaiwa, kwamba sote tunasaidiwa, haupo. Na nchi yenyewe imeshakiri hivyo mahali pengine. Kwenye uchaguzi, asiyeona anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemwamini, lakini tume pia imekuwa ikiweka vituoni jalada la nukta nundu la kupachika karatasi ya kura, ili anayetaka kupiga mwenyewe apige. Msaidizi yupo, na njia ya kujitegemea ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inamtaka mwenye fomu azilinde taarifa za watu. Sijui atasemaje kuhusu taarifa zinazotamkwa kwa sauti dukani kwa sababu fomu yake haisomeki.

Hoja ya msaidizi ilishafika mahakamani, tena kwa jambo dogo kama piza. Guillermo Robles, Mmarekani asiyeona, alishindwa kuagiza chakula kwenye tovuti na programu ya simu ya Domino's, akafungua kesi 2016. Kampuni ikajitetea kwa mambo mawili: serikali haijatoa kanuni za wazi kuhusu tovuti, na mteja wa namna hiyo anaweza kupiga simu. Utetezi wa pili ni binamu wa steshenari. Januari 2019 mahakama ya rufaa ikasema sheria ya 1990 ya watu wenye ulemavu inaihusu tovuti na programu hiyo, na Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza rufaa ya kampuni.

Wanaopinga kulazimisha kwa sheria wana jibu zuri hapa, na silipuuzi. Hofu ya kushtakiwa ilizaa biashara ya viraka: unalipia, unabandika mstari mmoja wa kodi, yaani maandishi ya programu yanayounda tovuti, unaambiwa tovuti yako sasa inafikika. Wasioona wengi walilalamika kwamba viraka hivyo vinagombana na visoma skrini vyao. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka kampuni ya accessiBe ilipe dola milioni 1 kwa kudai kwamba zana yake inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize WCAG. Sheria ikiwa kali na ujuzi ukiwa haba, watu hununua karatasi ya kuonyesha. Kenya ilipitisha kiwango chake cha ufikivu, KS 2952, mwaka 2022. Sisi tuliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2009 na tukatunga sheria yetu 2010. Karatasi tunazo. Fomu ya mwalimu ilitengenezwa baada ya zote hizo.

Na hata ujuzi nusu una madhara yake. Kuna ARIA, maneno ya ziada ambayo fundi huyaandika kwenye kodi ili kukieleza kisoma skrini kitu ni nini. WebAIM hao hao wameona mwaka baada ya mwaka kwamba kurasa zenye ARIA zina makosa mengi kwa wastani kuliko zisizo nayo. Sikushangaa. Chukua orodha ya mikoa. Ukitumia orodha ya kawaida ya HTML, mtu anabonyeza M anasikia Manyara, M tena Mara, M tena Mbeya, kazi imeisha. Lakini mbunifu anasema ile ya kawaida ni mbaya, haiendani na rangi za kampuni, kwa hiyo tunajenga yetu kutoka mwanzo, inapendeza, na kwa kisoma skrini ni ukuta. Kisha tunaibandika ARIA tabaka juu ya tabaka kuurudisha uwezo tulioung'oa kwa mikono yetu. Hapo ndipo wanaosema ufikivu ni ghali wanapopata ushahidi. Ni kweli ulikuwa ghali, ila tuliulipia urembo kwanza.

Tarehe ya kuzaliwa ni hivyo hivyo. Mwalimu alizaliwa 1984. Fomu ikamfungulia kalenda inayorudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Hiyo ni zaidi ya mara 480 kubonyeza mshale. Serikali ya Uingereza kwenye GOV.UK hutumia visanduku vitatu vya kuandika: siku, mwezi, mwaka. Ni rahisi zaidi kutengeneza, na bibi yangu mwenye macho yake angevipenda pia.

Kuna jambo la Kiswahili ambalo miongozo ya kigeni haina sababu ya kulikazia, nasi tunalisahau. Maandishi ya fomu yalikuwa ya Kiswahili, lakini juu kabisa ya kodi ukurasa ulijitambulisha kuwa wa Kiingereza. Basi sauti ya Kiingereza ikasoma "Chagua jinsia" kwa namna ambayo mwalimu alicheka, nami nikacheka, kisha akasema huwa anasikiliza hivyo siku nzima. Sauti ya Kiswahili ipo. eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi inayokuja pamoja na NVDA, inayo. Inangoja tu kuitwa, na inaitwa kwa herufi mbili: sw.

Haya yote niliyotaja ni ya bei chee: lebo, orodha ya kawaida, tarehe ya kuandika, lugha ya ukurasa, na ujumbe wa kosa unaotamkwa badala ya kubaki maandishi mekundu juu ya ukurasa huku aliyebonyeza Wasilisha akisikia kimya. Kwa haya sioni utetezi wa gharama unaosimama. Fundi anayejua kazi yake huyaweka kuanzia siku ya kwanza bila kuongeza bei.

Penye ugumu wa kweli ni kwingine, na huko wanaosita nawaelewa. Ile picha ya kuthibitisha kwamba wewe si roboti, chagua pikipiki zote, ipo kwa sababu roboti wapo. Ukiiondoa bila mbadala, fomu ya shule inajaa maombi ya takataka. Uhakiki wa sura kwa kamera ya simu unazuia watu kufungua akaunti kwa vitambulisho vya wengine, na asiyeona haoni ile duara ya kuingiza uso. Hata menyu za nyota na reli, ambazo watu hupenda kuzitaja kama suluhisho kwa sababu ni maandishi matupu, hufungwa zenyewe baada ya muda mfupi, wakati TalkBack bado inasoma chaguo la nne. Hapa usalama wa wengi unashindana na uhuru wa wachache, na mimi siko tayari kusema wachache washinde kila mara. Ninachosema ni kwamba huku ndiko msaidizi anakostahili kuwepo: ofisa wa taasisi yenyewe, mwenye jina na dhamana, kwa hatua hiyo moja. Kumpeleka mtu steshenari kwa fomu nzima kwa sababu hatua moja ni ngumu ni uvivu wetu.

WCAG 2.2 imeanza kuisogelea sehemu hiyo: inataka mtu asilazimishwe kukumbuka au kutatua fumbo ili aingie kwenye akaunti kama hakuna njia nyingine, na asiandikishwe mara ya pili taarifa alizokwisha kuzitoa katika mchakato ule ule. Hilo la pili lingewafaa hata wale wa foleni ya kidato cha sita.

Fomu ile ya Jumamosi haikuwa yangu. Lakini usiku huo nilifungua moja niliyoitengeneza mwenyewe, iliyokuwa ikitumika kwa miezi minane, nikazima skrini, nikavaa eafoni. Kisanduku cha kuandika, tupu. Nilitumia siku mbili kuirekebisha, nyingi zikiwa za kuing'oa orodha yangu nzuri ya mikoa na kuirudisha ya kawaida. Kisha nikamtumia mwalimu kiungo.

Alinipigia baada ya dakika kama ishirini. Ameijaza, ameituma, haina neno. Ila hapo kwenye mikoa, akasema, Mbeya mmeiweka mara mbili.