Muhuri wa karani wa kaunti unalinda nini?

Mei 2024 gazeti moja la Memphis, jimboni Tennessee, lilichapisha tangazo la mnada wa Graceland, nyumba ya marehemu mwanamuziki Elvis Presley. Kampuni iliyojiita mkopeshaji ilidai kwamba bintiye, Lisa Marie, aliyefariki Januari 2023, alikopa dola milioni 3.8 na kuiweka nyumba hiyo rehani. Mjukuu wa Elvis, Riley Keough, alikimbilia mahakamani, na siku moja kabla ya mnada jaji akausimamisha. Ikabainika kwamba saini ya Lisa Marie ilighushiwa, na ya notari wa Florida, yaani ofisa anayethibitisha saini, pia. Notari mwenyewe aliapa kwamba hakuwahi hata kukutana na Lisa Marie. Hati ya uongo ya rehani ilikuwa imepelekwa kwenye ofisi ya msajili wa hati ya Kaunti ya Shelby. Mwanamke wa Missouri aliyepanga hayo yote alikiri kosa, na 2025 akafungwa zaidi ya miaka minne.

Wengi waliuliza ofisi ya kaunti ilikuwa wapi. Jibu ni kwamba kwa sheria za Marekani kazi ya ofisi hiyo ni kupokea. Karani anaangalia kama hati imesainiwa, kama ina muhuri wa notari, kama maelezo ya kiwanja yapo na ada imelipwa. Akiridhika, anaiingiza kwenye daftari na kuipa namba, tarehe na saa. Hana mamlaka ya kuchunguza kama aliyesaini ndiye mwenye nyumba.

Ndugu zetu wanaonunua nyumba Texas au Minnesota hushangaa hapa. Wamezoea hati miliki inayotolewa na serikali, ile inayofungiwa kabatini, na wanauliza yao iko wapi. Katika sehemu kubwa ya Marekani haipo. Kilichopo ni hati ambayo muuzaji alisaini kukuhamishia nyumba, nakala yake ikiwa kwenye rekodi za kaunti na yenyewe ikirudishwa kwako kwa posta. Matapeli wanaujua mshangao huo. Wiki chache baada ya manunuzi inakuja barua yenye sura ya kiserikali ikitaka karibu dola 100 ili upewe "nakala rasmi". Usilipe. Nakala hiyo unaipata kaunti kwa dola chache.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Ni rahisi na ni wa haraka. Texas, kusajili hati ni takriban dola 25 kwa ukurasa wa kwanza na 4 kwa kila unaofuata. Rekodi ziko wazi, yeyote anaweza kuzipekua bila kumwomba mtu ruhusa. Na kwa kuwa karani hana uamuzi wa kufanya, hana cha kukuuzia. Yeyote aliyewahi kuambiwa faili lake la ardhi "halionekani" mpaka atoe kitu kidogo anaelewa uzito wa jambo hilo.

Halafu kuna nguvu ya usajili wenyewe. North Carolina inafuata kanuni kali: mtu akiuza nyumba moja kwa wanunuzi wawili, anayetangulia kusajili ndiye mwenye nyumba, hata kama alijua kuna mwenzake aliyelipa kabla yake. Majimbo mengi humlinda tu yule asiyejua. Kwa vyovyote, ukiificha hati yako droo­ni umejiweka hatarini. Texas, tangu 2015, mzazi anaweza kuandika hati ya kumwachia mtoto nyumba pindi akifa, bila kupitia mirathi ya mahakamani. Lakini lazima isajiliwe kwa karani wa kaunti ilipo nyumba kabla mzazi hajafa. Ikisajiliwa siku moja baada ya kifo, ni karatasi tu.

Upande wa pili unauma zaidi. Kisheria hati ya kughushi ni batili hata ikiwa na muhuri wa kaunti, na aliyeinunua nyumba kwa nia njema hapati kitu. Tatizo ni nani anabeba gharama ya kuthibitisha. Familia ya Presley ilikuwa na mawakili. Mjane mzee ambaye nyumba yake imehamishwa kwa saini bandia naye lazima afungue kesi, alipe maelfu ya dola, na asubiri miezi mingi bila uwezo wa kuuza wala kukopa. Kwa maoni yangu hapa ndipo utaratibu unapokosa haki: mlango uko wazi kwa wote, lakini gharama ya kumtoa mwizi anaachiwa mwenye nyumba.

Soko lilijibu kwa bima ya umiliki, inayofidia hasara ikibainika umiliki ulikuwa na kasoro, biashara iliyoanzia Philadelphia mwaka 1876. Inalipiwa mara moja siku ya kukamilisha manunuzi. Wengi hawajui kwamba bima anayoidai mkopeshaji inamlinda yeye mkopeshaji. Yako unainunua kando. Nayo ya kawaida hulenga kasoro zilizokuwepo kabla hujanunua, kwa hiyo hasara ya saini itakayoghushiwa baadaye huenda isifidiwe.

Je, serikali ingedhamini umiliki yenyewe, kwa mfumo wa Torrens uliozaliwa Australia Kusini 1858? Chicago ilijaribu baada ya moto wa 1871 kuteketeza rekodi zake. Sheria ilipitishwa 1897, lakini miaka ya 1990 mfumo ukafutwa. Minnesota bado inao, sambamba na ule wa kawaida.

Kwetu Kenya hati inatoka serikalini, na bado dhamana ina mipaka. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha Nyali, Mombasa, ambapo kaunti ilikuwa imebomoa ukuta ili kufungua njia ya kwenda ufukweni. Majaji walisema hati haimlindi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, na kwamba lazima mnunuzi achunguze chimbuko lake. Kwa hiyo sishawishiki kwamba Marekani ibomoe mfumo wake ikumbatie cheti cha serikali.

Ninachounga mkono ni ulinzi mdogo mlangoni. Mwaka 2023 Florida ilipitisha sheria ya kutaka kila kaunti iwe na huduma ya bure ya kumtaarifu mtu mara tu hati yenye jina lake inaposajiliwa, na Kaunti ya Lee ikapewa nafasi ya kujaribu kudai kitambulisho chenye picha kwa anayeleta hati. Kasoro ni kwamba taarifa humfikia aliyejiandikisha pekee, na wazee wanaolengwa na matapeli ndio wasiojua kwamba huduma ipo. Kaunti tayari inamtumia kila mwenye nyumba bili ya kodi. Barua ya kumwambia kwamba nyumba yake imehamishwa iende kwenye anwani hiyohiyo, bila kusubiri ajiandikishe, na gharama yake iongezwe kwenye ada ya anayesajili.