Mpira kwa wagonjwa wa akili: nyongeza ya tiba au burudani tu?

Mwanza ni jiji ambalo jioni haipiti bila chandimu kuchezwa Igoma au Nyakato. Hata hivyo, wazo la kuwaingiza kwenye timu za mpira wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo) na baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) hupokelewa kwa namna mbili: wapo wanaoliona kuwa ni kupoteza muda wa wauguzi wachache waliopo, na wapo wanaolishabikia kana kwamba mpira utachukua nafasi ya sindano ya dawa anayochomwa mgonjwa kila mwezi. Nionavyo, kundi la pili ndilo lenye hatari zaidi, kwa sababu mgonjwa anayeacha dawa akiwa anajisikia vizuri ndiye anayerudishwa wodini akiwa na hali mbaya.

Hoja ya wanaounga mkono ina uzito hasa upande wa mwili. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa watu wenye magonjwa makubwa ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, wengi wao kwa maradhi yanayozuilika kama ya moyo, na baadhi ya dawa zao, olanzapine ikiwemo, huongeza uzito na hatari ya kisukari. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha pia kwamba mazoezi ya nguvu ya wastani au zaidi, yakifikia takribani dakika 90 kwa wiki, hupunguza dalili za skizofrenia. Lakini ushahidi wa aina hii kwa sehemu kubwa unahusu mazoezi kwa jumla, kama vile kuendesha baiskeli ya mazoezi, si mpira wa timu, na tafiti zilizoangalia soka lenyewe zimehusisha watu wachache.

Kwa hiyo anayetetea timu anapaswa kusimama kwenye hoja nyingine, nayo ni dalili ambazo dawa huzigusa kidogo: kujitenga, kukosa ari, kukaa ndani siku nzima. Mtu ambaye nyumbani anaitwa mgonjwa, na mtaani anaitwa jina baya zaidi, uwanjani anakuwa namba tatu, na asipofika beki ya kushoto inabaki wazi na wenzake wanamuulizia. Mazoezi ya kukimbia peke yake hayana wa kumuulizia.

Uwanja huohuo, hata hivyo, unaweza kuumiza. Anayetumia haloperidol, mojawapo ya dawa za skizofrenia, anaweza kuwa na viungo vilivyokaza, akakimbia bila kurusha mikono, pasi ikamfikia naye akachelewa kugeuka. Mtazamaji asiyejua atacheka. Dawa za aina hiyo huupunguzia mwili uwezo wa kuhimili joto, chlorpromazine, ambayo ni mojawapo, huifanya ngozi iungue haraka juani, na anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, akitoka jasho jingi bila kunywa maji, dawa inaweza kujaa mwilini hadi ikawa sumu. Zaidi ya hayo, mgonjwa anayeamini kwamba watu wanamsema hahitaji mashabiki wa kumzomea akikosa penalti.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Italia, nchi iliyopitisha Sheria namba 180 ya mwaka 1978 ya kufunga hospitali kubwa za vichaa, na ambayo mwaka 2018 jiji lake la Rome liliandaa mashindano ya kimataifa ya futsal (soka la ndani la wachezaji watano kila upande) ya wagonjwa wa akili. Mfano huo ni mzuri, ila Italia ina vituo vya afya ya akili karibu na makazi ya watu. Mgonjwa wa Ukerewe anayevuka ziwa kufuata kliniki katika hospitali za Bugando au Sekou Toure jijini Mwanza hawezi kupanda meli kila wiki kwa ajili ya mazoezi katika uwanja wa Nyamagana. Timu yake lazima iwe Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, tena ikiwezekana ichanganye wagonjwa na vijana wengine, ili isije ikageuka wodi iliyovaa jezi. Wanawake nao, wenye watoto na jiko la kuangalia, hawakumbukwi kabisa. Sijui kwa nini netiboli haitajwi.

Bonanza la tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, lina faida yake katika kupunguza unyanyapaa, lakini siku moja kwa mwaka si tiba. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, inunue dawa, kwa kuwa kliniki isiyo na dawa haina cha kuongezea. Dawa zikiwepo, mpira na jezi si ghali. Kinachogharimu ni mhudumu wa kufika uwanjani kila wiki, anayejua kila mchezaji anatumia dawa gani, na ambaye akimkosa mmoja mazoezi mawili mfululizo atampigia simu ndugu yake kabla ugonjwa haujarudi.