Maili Mia Mbili Kutoka Wapi?

Mijadala mingi kuhusu mipaka ya bahari huishia kwenye tarakimu, ingawa tarakimu hizo zilikwisha kukubaliwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini mwaka 1982 na kuanza kutumika mwaka 1994. Kwa maoni yangu, hoja nzito zaidi leo ni mahali kipimo kinapoanzia.

Kwa kawaida kipimo huanzia kwenye mstari wa msingi, yaani ukingo wa maji yanapokupwa kama ulivyochorwa katika ramani rasmi za nchi husika. Kutoka hapo, maili 12 za baharini, ambazo ni kama kilomita 22, ni maji ya kitaifa, na mamlaka ya nchi humo ni kamili, ila meli za kigeni zina haki ya kupita bila kuvuruga amani. Hadi maili 24, nchi inaweza kusimamia sheria zake za forodha, kodi, uhamiaji na afya. Hadi maili 200, yaani kilomita 370, ina haki za pekee juu ya samaki, mafuta na gesi, lakini haiyamiliki maji yenyewe, na meli za mataifa yote husafiri humo kwa uhuru. (Wanasiasa wanaouita ukanda huo wa kiuchumi sehemu ya nchi yao huisahau tofauti hii kwa urahisi wa kushangaza.)

Kwa kuwa kila kitu hupimwa kutoka ukingoni, kipande kidogo cha nchi kavu kinaweza kuwa na thamani kubwa mno. Kisiwa kimoja kilichojitenga kinaweza kuipatia nchi zaidi ya kilomita za mraba 430,000 za bahari, ilhali mwamba usioweza kukimu maisha ya watu wala shughuli zake za kiuchumi hupewa maji ya kitaifa bila ukanda wa kiuchumi. Ndiyo maana Japani imezizungushia zege ncha za Okinotorishima, tumbawe lililojitenga katika Pasifiki, zisimezwe na mawimbi, huku China na Korea Kusini zikishikilia kwamba hizo ni miamba tu.

Sasa kina cha bahari kinapanda. Iwapo mstari wa msingi utarudi nyuma pamoja na ufuo, tajiri atamwaga zege na maskini atapoteza maeneo yake ya uvuvi, hata kama hakuchangia chochote katika joto linaloyeyusha barafu. Nchi za visiwa vya Pasifiki zilitangaza mwaka 2021 kwamba maeneo yao ya bahari yaliyokwisha kuwekwa kwa mujibu wa Mkataba hayatapunguzwa, nami naona msimamo huo ni wa haki. Wapo wanaohofia ramani zisizolingana na ufuo halisi, na kwa usalama wa mabaharia hofu hiyo ina msingi. Lakini ramani ya kuongozea meli inaweza kusahihishwa kila mwaka bila kugusa ile inayohifadhi haki. Mkataba wenyewe huruhusu mstari ulionyooshwa mbele ya delta inayobadilikabadilika ubaki palepale hata ukingo wa maji yanapokupwa ukirudi nyuma.

Kinga hiyo, hata hivyo, iwe ya mistari iliyochorwa kihalali na kutangazwa. Nchi zilizovuta mistari mirefu iliyonyooka mbele ya pwani isiyo na ghuba nyingi wala safu ya visiwa zisipewe nafasi ya kuihalalisha kwa kisingizio cha tabianchi.